Faili Lililokomea kwa Wifi Yangu

Mpendwa wifi yangu,

Sijui salamu za aliye hai humfikia vipi aliyetangulia, lakini nazituma vivyo hivyo, kama nilivyokuwa nikikuwekea chakula chini ya kawa bila kujua utarudi saa ngapi. Sisi ni wazima. Salim mzima, watoto wazima, mama yenu yuko Barani anaendelea na maumivu yake ya miguu. Asiyetulia ni mimi. Simu ya hospitali ikilia naruka. Mtu akibisha hodi kwa nguvu naitikia "karibu" na mkono uko kifuani. Nimekuwa mwoga wa kila kitu, na wewe uliyekuwa ukinicheka haupo, basi nimeona nikuandikie, na wenye kusoma wasome.

Jina lako silitaji. Hapa nitakuita Rehema, jina ulilokuwa ukisema utampa binti yako Mungu akikujaalia. Ninayo sababu ya kulificha la kwako, na ukifika mbele kidogo utaijua, tena utanishukuru.

Wanaosoma hawatujui, basi niwie radhi nikikukumbusha unayoyajua. Ulikuwa dada yake mume wangu, tumbo moja, mtu wa Barani, Malindi, mwenye maneno matamu na jicho kali. Mimi ni Mgiriama wa Kibarani, hapa Kilifi, niliyesilimu kabla ya kuolewa na Salim. Ulipopata kazi ya kupiga taipu katika ile hospitali ndogo ya wafadhili, ambako mimi nilikuwa karani wa kadi za wagonjwa, hakuna aliyeuliza utakaa wapi. Ulikuja kwetu na sanduku moja na mbuzi yako ya kukunia nazi, ati yangu haina meno.

Mawifi ni mawifi. Hukuniita wifi hata siku moja. Uliniita "mwenzangu", au "mama watoto", au "wewe" siku nilizozidisha chumvi. Ulikuwa ukionja tui langu kwa ncha ya ulimi, kisha ukimtazama Salim kwa huruma, na yeye akijifanya anatafuta kitu chini ya jamvi. Nilikuogopa, nikwambie kweli. Nilikuwa nikifagia ua mara mbili kwa sababu yako. Lakini mchana, kazini, tulikaa chumba kimoja chini ya feni moja, na huko ulikuwa mtu mwingine. Uligawana nami mahamri yako na kunisimulia habari za harusi za Malindi, nani kavaa nini na nani kanuna, mpaka machozi yakanitoka kwa kucheka.

Kisha ikaja kompyuta. Daktari wetu alipewa na rafiki zake wa Ulaya, na pamoja nayo akaja kijana wa kujitolea aliyeitengenezea programu ya kuwekea orodha ya watu wanaotoa damu: jina, umri, mwanamke au mwanamume, kijiji, na kundi la damu. Ukimtaka mtu wa kundi fulani waandika kundi, na majina yaja yenyewe. Wewe ndiye uliyefundishwa kuyaingiza, mimi nikawa nakusomea kadi. Kadi zenyewe zililowa mvua ya masika stoo ilipovuja, zikashikana, tukazitupa bila wasiwasi kwa kuwa mashine ilikwisha kuyameza majina yote. Kijana akamaliza muda wake, akatuachia diski zake na kitabu kinene cha maelekezo cha Kiingereza, akarudi kwao.

Unakumbuka siku ya kwanza ya kutoa damu? Watu wa vijijini walisimama mbali, wakinong'ona kwamba damu yaenda kuuzwa. Daktari akasema wafanyakazi watangulie ili wengine waone hakuna anayekufa. Dereva wa hospitali akawa wa kwanza, askari wa lango wa pili, na wa tatu ukawa wewe, umejifunga leso mpya, umelala pale kitandani kama bibi harusi anayepakwa hina. Uliporudi chumbani ulijiingiza mwenyewe kwenye mashine. Ulinifukuza nisikusomee kadi yako. Sikulifikiria hilo wakati ule.

Sasa niiseme Ijumaa ile, maana ndiyo iliyonitia ugonjwa huu wa hofu.

Salim alikuwa juu ya paa la nyumba ya wageni ufuoni, akiezeka makuti, boriti ikamkatikia. Walimleta nyuma ya pikapu akiwa macho, akizungumza, akiniomba radhi kwa kuniharibia kazi. Mkono wake ulikuwa baridi. Daktari alimbonyeza tumbo, akatutoa nje sote wawili, akasema bandama imepasuka na anavuja damu kwa ndani. Lazima apasuliwe, na hawezi kupasuliwa bila damu. Kundi lake ni O hasi, ile inayoandikwa na alama ya kutoa, ambayo huku kwetu watu wachache mno wanayo. Hospitalini haikuwapo hata chupa moja.

Ulikunja mkono wa kanzu yako palepale. "Chukua yangu," ulisema. "Chukua yote utakayo." Wakakupima upya. Ikawa O, kama ulivyojiandika, lakini ya kujumlisha. Uliwatazama kama waliokutukana.

"Tumbo moja, ziwa moja, ati damu mbali mbali?"

"Si kosa lako, bibi," daktari akasema. "Ndivyo Mungu alivyogawa."

Alikuwa amekwisha piga simu Mombasa. Damu ingekuja, lakini kuna hori, ule mkono wa bahari, ya kuvuka kwa feri, na siku hiyo feri moja ilikuwa mbovu na magari yamepanga foleni upande wa Mnarani. Itafika jioni, alisema, na jioni ni mbali. Kisha akakunja uso kama mtu anayetafuta jambo kichwani. "Yuko mtu aliyewahi kutoa damu hapa wa kundi hili. Nakumbuka nilifurahi sana. Jina silikumbuki. Katafuteni kwenye mashine, upesi."

Tulikimbia, wifi. Wewe na buibui lako, mimi na tumbo langu la miezi saba.

Stima ilikuwa imeshinda ikipotea na kurudi tangu asubuhi, na sisi tuliiacha diski ya programu ndani ya mashine. Ulipowasha, kile kichwa cha ndani kikakwaruza kama panya ndani ya mkoba. Ukazima, ukawasha tena.

"Yasemaje?" nikauliza.

"Yasema haiwezi kusoma."

"Haiwezi kusoma nini?"

"Programu yenyewe! Diski imekufa. Na nyengine ya kama hii hatuna, yule kijana kaondoka nayo." Ukapiga meza kwa kiganja. "Wallahi hiki kidude kimengoja siku ya leo."

Diski ya majina ilisomeka, lakini majina bila programu yake ni kama kisima bila kamba. Nikakumbuka kwamba kijana alituonyesha programu nyingine ndogo, ya kuhariri maandishi, inayofungua faili lolote na kutafuta neno ndani yake. Ilikuwa katika ile diski ya kuwashia mashine. Nikakwambia tujaribu kulifungua faili la majina kwa hiyo, tutafute O na alama ya kutoa. Hukubisha. Hiyo peke yake ilinitisha, maana si kawaida yako kutonibishia.

Kilichotokea kwenye kioo nakiona mpaka leo. Faili lile halikuwa maandishi kama barua. Kijana alikwisha kutueleza kwamba programu yake hujiwekea mambo mengine kwa namba za mashine wala si kwa maneno ya kusomwa na mtu. Tuliona vijiuso vinavyocheka, tukaona kopa na shupaza kama za karata, na katikati ya vurugu hiyo jina la dereva, jina la askari, na jina lako. Basi. Baada ya jina lako hapakuwa na kitu, kioo cheusi tu. Ukaiamuru itafute O na alama ya kutoa. Ikajibu haipo.

"Yatucheka," ulisema. Ulikuwa ukivigusa vile vijiuso kwa kidole. "Hebu tazama, yatucheka hii."

Ukajaribu tena, ikasema haipo. Ukatafuta jina la muuguzi mkuu, ambaye tulijua kwa yakini kwamba alitoa damu, nalo likawa halipo. Hapo ndipo ulipokaa kitini na mikono ikaanguka pajani. "Stima imewala," ulisema. "Watu wote imewala. Tumebaki watatu." Nje palikuwa na viatu vinapita koridoni, na kila viatu vilivyokaribia mlango nilijua vinaniletea habari ya kuwa mjane. Vilipita, vikaja vingine. Sauti ya adhana ya Ijumaa ilitoka msikitini na wewe ukafunika uso.

Mimi hofu hainikalishi, wanijua. Wenye hofu wengine huganda, mimi hutafuta cha kushika. Nikaiamuru mashine ionyeshe orodha ya vilivyomo ndani ya diski, na ukubwa wa kila kimoja. Faili la majina lilikuwa kubwa kuliko yote. Nikakwambia, "Hebu ona, kitu kikubwa hivi hakiwezi kuwa watu watatu."

"Labda ni takataka."

"Tuna ile nakala ya majina ya Jumatatu?"

Tulikuwa nayo, kwa kuwa ulikuwa mtu wa kunung'unika lakini kazi yako uliifanya. Uliitoa kwenye bahasha, ukaitia. Tukaifungua kwa ile programu ndogo. Dereva, askari, wewe, na giza. Palepale, bila kupitiliza hata herufi.

"Haya, hata ya Jumatatu imekufa!" ulipiga kelele.

"Haijafa," nikasema. "Jumatatu stima haikupotea. Diski mbili haziwezi kufia mahali pamoja. Kuna kitu kinaisimamisha hapo, na hapo ni kwako, Rehema."

Ulinitazama kwa jicho lile la kuonjea tui. "Kwangu? Mimi nimefanya nini?"

Nilikuwa nimekwisha kufungua kitabu kinene. Nyuma kabisa palikuwa na jedwali la alama zote za kompyuta, kila alama na namba yake. Baada ya jina la dereva, katika zile takataka, palikuwa na alama ya dola, na ilinikera tangu mwanzo kwa kuwa sikuona dereva wetu ana habari gani na dola. Nikaitafuta katika jedwali. Alama ya dola ni namba thelathini na sita. Nikakuuliza dereva ana umri gani. Ukasema ana thelathini na sita, mwenyewe uliandika. Nikamtazama askari. Baada ya jina lake palikuwa na tarakimu ya 2 iliyokaa peke yake, na katika jedwali tarakimu hiyo ina namba hamsini. Askari alikuwa mtu wa miaka hamsini.

"Ni umri," nikasema. "Mashine yaweka umri kama namba, na hii programu ndogo yaionyesha kama alama. Sasa baada ya jina lako hakuna alama. Imesimama. Wewe umejiandika miaka mingapi?"

Uligeuka kando. Mume wangu alikuwa akivuja damu chumba cha tatu kutoka hapo, na wewe ukawa ukitazama dirishani.

"Nambie, Rehema!"

"Ishirini na sita," ulisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwako.

Nilipiga hesabu kichwani. Salim alikuwa na miaka thelathini, na mwenyewe alinihadithia kwa siri kwamba wewe, uliyekuwa ukimwita "kaka" mbele za watu, ndiwe uliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Kumbe nawe uliyaona hayo usoni mwangu.

"Usinitazame hivyo. Mwanamke wa Barani asiyeolewa akifika thelathini, washenga huanza kumletea wazee wenye mkongojo. Mimi hiyo thelathini sikuipita, mwenzangu. Niliizunguka."

Ingekuwa siku nyingine ningeanguka kwa kucheka. Nikateremsha kidole kwenye jedwali mpaka ishirini na sita. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini pale palitosha. Iliandikwa kwamba namba hiyo haina sura. Ni alama ya mashine ya kuonyesha kuwa faili limekwisha. Programu ndogo ilikuwa ikisoma, ikifika kwenye umri wako inadhani imefika mwisho wa kitabu, inafunga. Watu wote waliobaki walikuwa nyuma yako, wazima, na ile mashine haijawafikia hata kuwatazama.

Ulinipokonya kitabu. Tuligeuza kurasa kwa pupa mpaka moja ikachanika, na ni wewe uliyeliona, wifi, mimi nilikuwa nimelipita. Ilisemekana kwamba mtu akitaka programu hiyo isome faili zima bila kujali alama ya mwisho, aongeze mstari wa mshazari na herufi B baada ya jina la faili. Herufi moja tu! Ulibonyeza kana kwamba kibonyezo ni cha moto.

Wakaja. Majina yalipanda kioo kizima, watu wa Tezo na Takaungu na Ganze na Jaribuni, huku vile vijiuso vikicheka katikati yao. Tulitafuta O na alama ya kutoa. Mara ya kwanza ikasimama kwenye takataka, herufi zilizokutana kwa bahati mbaya. "Endelea," ulinambia. "Endelea, usikae." Ikasimama tena, na safari hii palikuwa na jina zima la mtu: Sidi Charo, Tezo. Kisha herufi ile na alama ile.

Nilikaa chini sakafuni. Wewe ulikuwa umekwisha kutoka, nasikia sauti yako koridoni ikimwita dereva kwa ukali kama mama mwenye nyumba.

Lakini hofu haikuishia hapo, nayo ndiyo niliyokuja kuikumbuka zaidi kuliko mashine. Jina si mtu. Sidi angeweza kuwa amesafiri, ameolewa mbali, ana homa, ana mimba. Tuliketi kwenye benchi, na kila gari lililopita barabarani tuliinuka. Ulinishika mkono. Hukunishika kwa upole, ulinibana hadi vidole vikafa ganzi. Hatukuwa tumemwambia mama. Ulisema ukimwambia sasa atakufa kabla ya mwanawe, na afadhali umwambie mambo yakiwa yameelekea upande mmoja.

Land Rover ikarudi ikiwa na vumbi hadi madirishani. Sidi alikuwa anauza mihogo kando ya barabara, na dereva alipomweleza aliacha mihogo yake pale pale na kupanda, kisu cha kumenyea bado anacho mkononi. Alishuka akatuangalia sote wawili.

"Huyo mutu yu hai bado?" akauliza.

"Yu hai, mama," ukamjibu, na ukainama ukambusu mkono, wewe ambaye hukuwa ukinywa maji katika kikombe cha wauza mihogo.

Damu yake ikalingana. Ile ya Mombasa ilifika jioni kama alivyosema daktari, na Salim akaamka siku ya pili akiuliza nani amemalizia lile paa. Tulipotoka kumwona, mlangoni ulinisimamisha. Nilidhani wataka kuniambia habari ya chakula cha wageni. Ukasema, "Wifi, ile habari ya miaka yangu, tafadhali, isifike Malindi." Wifi. Niliitikia ndiyo kwa haraka, kwa kuogopa usije ukajisahihisha.

Kijana wa Ulaya alituletea diski nyingine kwa posta. Siku ile ile uliketi ukafungua rekodi yako na kubadilisha umri. Nikakueleza kwamba kwa ile herufi B umri wowote hauna neno, tena wako watu wengine wenye ishirini na sita ya kweli. Hukunisikiza. Uliandika ishirini na saba.

"Si ungeandika ya haki basi, maadamu umeshafungua?"

"Mwaka mmoja watosha kwa leo," ulisema.

Baada ya hapo tuliishi kama watu waliovuka mto pamoja. Tui langu ulilionja na kulinyamazia. Mtoto alipozaliwa ulimchukua kabla sijamwona vizuri, ukamsomea dua sikioni, ukamwambia babake ana pua yenu. Nilianza kusahau kuogopa. Salim alirudi kwenye kazi ya makuti nami nikawa nikimsindikiza kwa macho mpaka njia panda, kisha nashika shughuli zangu.

Halafu ukaenda Malindi kumwona mama, siku chache tu, ulisema. Homa ikakushika huko, ikakupanda kichwani. Niliitwa kwenye simu ya hospitali, ile ile. Nilitupa kila kitu nikaja, na nilipofika Barani wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wamebeba jeneza tupu. Sikupata nafasi ya kukimbia koridoni wala ya kumtuma mtu Tezo. Mtu wa kutafutwa hakuwapo, wifi. Nilisimama uani kwenu na viatu vimejaa vumbi, natafuta cha kushika, sikukiona.

Matangani wanawake waliniuliza marehemu alikuwa na miaka mingapi. Walijua kwamba mimi najua. Mama alinitazama kwa pembe ya jicho. Nikawajibu kwa hesabu yako, ile ya mashine, na mama akashusha kichwa. Sasa umeona kwa nini hapa nimekuita Rehema.

Watu husema muda hupoza. Kwangu umenoa. Leo Salim yuko juu ya paa Watamu, na mimi niko mezani petu, kiti chako kina karani mwingine, msichana mpole ambaye habishi. Kila saa nasikiliza. Nikisikia pikapu, nakumbuka mkono wa baridi. Nikimwona mtoto analala sana mchana, namgusa paji la uso, namwamsha bure, analia. Mama aliniambia juzi, "Mwanangu, hofu haizuii ajali." Najua. Lakini najua pia kwamba siku nilipoacha kuogopa ndipo ulipokwenda, na moyo haukubali kuambiwa kwamba hayo mawili hayahusiani.

Kuna jambo moja sikupata kukwambia. Siku ile, ulipokuwa umeinamia mashine, ulinisikia nikinong'ona ukanikaripia, "Soma kimya kimya!" Sikuwa nikisoma. Nilikuwa naomba. Niliomba kwa maneno yote niliyofundishwa tangu kusilimu, na yalipokwisha nikaomba kwa Kigiriama. Nilimtaja Salim. Nilimtaja mtoto aliyekuwa tumboni. Nilimtaja hata yule mtu wa damu ambaye bado hatumjui jina, Mungu amweke hai mpaka tumfikie.

Wewe sikukutaja. Ulikuwa umekaa kando yangu, mzima, bega lako limegusana na langu.

Lala salama, na Mungu akupe pumziko ambalo mimi sinalo.

Ni mimi wifi yako,
mke wa nduguyo.